Nani Alishika Kamera?

Tunahakiki riwaya, tunahakiki albamu, siku hizi hata trela ya filamu ambayo haijatoka tunaihakiki mpaka inachakaa. Lakini kuna utanzu mmoja ambao karibu kila familia ninayoijua inao, unasomwa kwa makini kuliko riwaya yoyote iliyo kwenye rafu yangu, na sisi tunaojiita wasomaji tunaupita kama bango la barabarani. Nazungumzia picha ya msafiri: ile ambayo mtu akishafika Doha, Minneapolis, Guangzhou, ama hata Lodwar tu kwa kazi ya miezi mitatu, anaipiga na kuituma nyumbani.

Ukiuliza watu kuhusu picha hizi utapata jibu moja kati ya mawili. Wa kwanza atakwambia ni kumbukumbu, mtu anaonyesha alikofika, basi. Wa pili atacheka aseme ni uongo mtupu, watu wa majuu wanapenda sifa, kwani hujui hilo gari si lake? Huyu wa pili ndiye anayepata kelele nyingi mtandaoni. Wote wawili lakini wanaitazama picha kama ushahidi umeletwa kortini, swali likiwa ni kweli ama si kweli. Mimi nataka tuisome kama barua. Barua ina mwandishi, ina mtu anayeandikiwa, ina mambo yaliyorukwa kwa makusudi, na mpokeaji mzuri huyasoma yote matatu kwa pamoja. Ukiisoma picha ya msafiri hivyo, inasema mengi, na mengine yanauma. Pia inaonyesha kitu ambacho naona kimeharibika miaka hii ya karibuni, na hakihusu gari la kuazima.

Hilo gari lenyewe lina babu. Miaka ya 1990, karibu na feri ya Likoni kule Mombasa, wapiga picha walikuwa na vibanda vya studio vilivyopambwa vikapambika. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, amewaandika kwa kirefu kwenye kitabu chake cha 2013, Contesting Visibility. Nyuma ya mteja kulikuwa na mandhari yaliyochorwa: meli kubwa, ndege, majumba. Wateja wengi walikuwa watu wa bara waliokuja Pwani kutafuta kazi, na picha zao zilipanda basi kwenda ushago. Sasa fikiria umepokea picha ya ndugu yako amesimama mbele ya ndege ambayo bawa lake linaishia kwenye mkunjo wa pazia. Sidhani kuna mtu alidanganyika. Aliyepokea alijua ndege ni rangi tu, na aliyetuma alijua kwamba atajua. Kilichotumwa hapo ni shati lililopigwa pasi, mwili wenye afya, na habari kwamba huyu mtu amebakisha shilingi za kujipiga picha na bado anatukumbuka. Ndege yenyewe ilifanya kazi ya yale maneno ya mwanzo wa barua, mimi ni mzima sijui wewe, ambayo hakuna anayeyapeleka maabara kuyapima.

Halafu kamera ya dijitali ikaja na mambo mawili yakabadilika kwa mpigo. Pazia likawa la kweli, na filamu ikakoma kuisha. Hili la pili ndilo zito. Mtu mwenye filamu ya picha 36 alituma kilichotoka, macho yakiwa yamefumba ama la. Mwenye kamera ya dijitali anapiga 40, anafuta 39 papo hapo kwenye kioo, anatuma moja. Kwa hivyo tangu hapo kila picha iliyofika nyumbani ni mshindi wa uchaguzi ambao sisi hatukupiga kura.

Mjomba wangu aliondoka 2002 akaenda Minnesota, jimbo lenye Wakenya wengi kuliko vile ungetarajia kwa mahali penye baridi ya aina ile. Mwaka uliofuata akanunua kamera ndogo ya rangi ya fedha. Picha zilikuja kwa barua pepe, na barua pepe ilifunguliwa saiber, Thika mjini, Jumamosi, Shosho akiwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki katikati yetu kama mgeni wa heshima. Mambo ya saiber ya enzi hizo ukimweleza mtoto wa bando la leo anaona unatunga. Sanduku zima la Hotmail lilikuwa na nafasi ya megabaiti 2, yaani picha mbili tatu za ukweli zingelijaza pomoni. Gmail ilipotangaza gigabaiti 1, tarehe 1 Aprili 2004, watu walidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Intaneti yetu ilikuwa inapita kwa setilaiti. Kebo za chini ya bahari zilifika Mombasa 2009. Na unalipa kwa dakika.

Picha ilifunguka kutoka juu, mstari kwa mstari. Kwanza anga. Dakika nzima ya anga, tena anga lenyewe la kijivu. Halafu kofia ya sufu. Paji la uso. Shosho hakungoja picha ikamilike, alisoma kila kipande kilipofika. "Macho ni yake." Kimya. "Hajakonda." Kimya kirefu, mdomo unafika, watu wanapumua. Nimesoma fasihi chuo kikuu miaka minne na sijawahi kuona mtu akisoma matini kwa umakini ule.

Alipomaliza aliuliza swali moja, na aliliuliza kwa kila picha iliyokuja tangu siku hiyo. "Nani alimpiga?"

Sisi watoto tulicheka. Kamera, Shosho! Lakini yeye alikuwa ameona kitu. Picha za mwanzo za Mjomba zote zilikuwa zimeinama kidogo, kama Minnesota yenyewe imelalia ubavu. Zilikuwa zimepigwa kutoka chini, urefu wa boneti ya gari. Na Mjomba alikuwa na uso wa mtu ambaye ametoka kukimbia, mguu mmoja bado haujafika vizuri. Baadaye nilijifunza kazi ya taima: unaiweka kamera juu ya kitu, unabonyeza, unapewa sekunde 10 za kukimbia ufike mahali pako na kutabasamu kama umekuwa hapo tangu asubuhi. Shosho hakujua taima ni mdudu gani. Alijua tu kwamba mwanawe anatabasamu na mbele yake hakuna mtu.

Baridi iliyofuata ikaja picha nyingine. Theluji, koti jipya, na chini upande wa kulia, juu ya theluji, kivuli cha mtu aliyeinua viwiko. Picha imenyooka. Mjomba anacheka hadi meno ya nyuma yanaonekana, kitu ambacho hakuna anayekifanyia taima. "Sasa ana mtu," Shosho akasema, na hiyo ndiyo aliyotaka iprintiwe iwekwe fremu, si ile ya kando ya gari ambayo sisi wengine tuliipigania. Kivuli kilikuwa cha nani mpaka leo hatujui. Mkewe alikuja miaka mingi baadaye na anakana.

Swali la Shosho ndilo naliona kama mlango wa utanzu huu wote. Kuuliza nani alishika kamera ni kuuliza kama msafiri ana mtu wa kumwambia "hebu nishikie hapa kidogo". Ni kuuliza kama huko aliko kuna macho yanayomtazama kwa upole. Sasa chukua swali hilo uende nalo kwenye simu yako. Selfi, selfi, selfi kwenye kioo cha lifti, selfi. Tumezoea kuisema selfi kama ugonjwa wa kujipenda, na kwa mtu aliye Westlands na marafiki sita mezani labda ni hivyo. Kwa mtu aliye safarini selfi mara nyingi ni ile taima ya sekunde 10 imepata mkono. Ukihesabu selfi za ndugu yako aliye mbali, mia moja na zote ni za mkono wake mwenyewe, umesoma jambo ambalo hatalisema kwa simu.

Mwaka wa 2009 Mjomba alikuja likizo akaniachia ile kamera, memori kadi ikiwa ndani. "Chukua yote," alisema. Kadi ilikuwa na picha 430. Sisi tulikuwa tumepokea kama 25.

Hapo ndipo nilipojifunza uhakiki, kwa kweli, kabla ya mwalimu yeyote. Zile za gari zilikuwa saba. Kwenye tatu za kwanza Mjomba ameegemea mlango, mara mkono mfukoni, mara mkono nje. Ya nne, mwenye gari anatokea nyuma na funguo mkononi, ameshangaa. Ya tano wako wote wawili, mwenye gari amemshika bega na wote wanacheka. Sisi tulitumiwa ya pili. Ya tano, ambayo ndiyo kali kuliko zote na ndiyo ingemfurahisha Shosho, ilibaki kwenye kadi, maana ndani yake gari lina mwenyewe.

Halafu kulikuwa na korido. Mjomba alifanya kazi usiku kwenye makao ya wazee, na kuna picha kama 30 za korido ileile, taa nyeupe, sakafu inang'aa, hakuna mtu. Saa ya ukutani inasoma 3:40. Mashine ya kahawa. Kituo cha basi kimefunikwa na theluji mpaka benchi limepotea. Sahani ya wali na maharagwe juu ya godoro, bila meza. Baadhi zina tarehe ya rangi ya machungwa kwenye kona, na tarehe yenyewe ni 01/01/2003 kwa picha za miezi tofauti kabisa, kwa sababu kamera zile betri ikifa saa inarudi mwanzo na mwenyewe hakujali kuirekebisha. Miaka miwili ya usiku, yote imeandikwa siku moja.

Na kuna mapengo. Kamera huzipa picha namba zikifuatana, kwa hivyo ukiona 212 halafu 219 unajua kuna sita zilizofutwa. Nimekaa na mapengo hayo kuliko picha zenyewe. Mtu ambaye amehifadhi korido 30 tupu, alifuta nini?

Yule msomaji wa pili, wa "uongo mtupu", angeshika kadi hiyo aseme si mnaona, alituficha. Mimi namwona mhariri anayemjua msomaji wake. Korido ya saa tisa na dakika arobaini usiku ingefika Thika, Shosho hangelala wiki mbili. Wakati huohuo tusimfanye mtakatifu. Picha ya gari ilikuwa na bei, na aliilipa: haikupita mwezi tangu ifike ndipo maombi ya karo ya watoto wawili yakamfuata, na mmoja wao alikuwa mimi. Angetuma ya tano, yenye mwenye gari, labda angeombwa ya mmoja. Hii ndiyo hesabu iliyo nyuma ya kila picha ya aina hii. Ukionekana umefaulu sana unadaiwa, ukionekana umeshindwa unaliliwa, na msafiri anatafuta katikati mahali ambapo mama atalala na binamu hawataongeza orodha. Si rahisi kupiga picha ya hapo katikati. Wengi wanaishia kupiga mnara.

Mnara ukiwa Burj Khalifa, mita 828, unafanya kazi hiyo vizuri. Ili kuuingiza wote kwenye picha mpigaji lazima ashuke chini karibu alale, na wewe unabaki kidogo chini ya fremu. Nina rafiki tuliyesoma naye sekondari ambaye alikuwa bawabu Dubai kuanzia 2015. Nimepitia picha zake zote za miaka minne na kugundua kwamba maisha yake yote yalitokea Ijumaa. Wakati huo Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko kule, kabla wahamie Jumamosi na Jumapili mwanzoni mwa 2022. Hakuna hata picha moja ya Jumanne. Shati ni moja, lile la bluu, mbele ya chemchemi, mbele ya duka la dhahabu, mbele ya bahari. Ukizipanga unaona shati linapauka na mtu anajaa kifuani, na hivyo vitu viwili, kupauka kwa shati na kujaa kwa mwili, ndiyo habari pekee ya kweli kuhusu wiki nzima zilizobaki. Hizo si picha mbaya. Zinachosha kwa sababu zimeandikiwa kila mtu.

Na hapa ndipo naona kidonda kilipo. Picha za Mjomba zilikuwa na anwani. Pale juu kulikuwa na majina ya watu wanne, na alijua ni nani atamsomea Shosho. Stetasi haina anwani. Tangu WhatsApp ilipoleta stetasi za picha zinazofutika baada ya saa 24, Februari 2017, picha moja inasomwa kwa wakati mmoja na mama, mpenzi wa zamani, bosi, pasta, na mtu anayekudai elfu nane. Jaribu kuandika barua moja kwa hao wote. Utaandika kama serikali. Utasema hali ni shwari, utaweka mnara, utaweka maneno ya kumshukuru Mungu, na kila kitu ambacho mama peke yake angekielewa kitatolewa kwa usalama.

Dalili zilikuwepo mapema, tukiwa wakweli. Inasemekana picha ya kwanza ya simu kutumwa papo hapo ilikuwa ya Philippe Kahn, tarehe 11 Juni 1997, hospitalini Santa Cruz, California. Alikuwa ameunganisha kamera ya dijitali, simu na kompyuta yake, na mtoto wake alipozaliwa akaituma picha kwa jamaa na marafiki zaidi ya 2,000. Teknolojia nzima imeanza kama picha ya mtoto kwa watu wa nyumbani, jambo zuri sana, lakini jamani, nani ana watu wa nyumbani 2,000?

Anayetaka kuona mambo haya yakichambuliwa na fundi hasa asome Admiring Silence ya Abdulrazak Gurnah, ya 1996. Msimulizi alitoroka Zanzibar, anaishi Uingereza na mwanamke Mwingereza anayeitwa Emma, wana binti, na watu wa nyumbani hawajui kama hao wawili wapo duniani. Anaporudi baada ya miaka mingi anakuta familia inamtafutia mchumba. Huko Uingereza nako, Emma na wazazi wake amewalisha hadithi za nyumbani alizozitunga mwenyewe. Kamera ya dijitali haimo kwenye riwaya hiyo wala haihitajiki, makasi ni yaleyale. Ninachokipenda ni kwamba Gurnah hamhukumu kwa kusema uongo. Anaonyesha gharama yake: mtu anayekata picha za pande zote mbili anafika mahali hana upande wowote ambao anaonekana mzima. Riwaya zetu nyingi za majuu zinakimbilia ama huruma ama kejeli. Hii imekaa hapo pagumu ikatulia.

Sasa binamu yangu. Alienda Riyadh 2021 kufanya kazi ya nyumbani, na kwenye nyumba ya kwanza simu ilishikwa na mwenye nyumba, akirudishiwa usiku kazi ikiisha. Haya si mageni. Mashirika ya haki za binadamu yameandika kwa miaka mingi kuhusu wafanyakazi wa nyumbani katika Ghuba kunyang'anywa simu na pasipoti. Kwa hivyo picha zake kwa Anti, mamake, zilikuja kati ya saa saba na saa nane usiku, saa ambayo kwetu na kwao ni moja. Hakukuwa na mnara. Kulikuwa na vigae vya jikoni. Dirisha lenye vyuma, na nyuma yake ukuta. Ugali wa unga wa semolina, umekatwa vipande vitatu, maana anajua Anti atahesabu. Mkono wa kushoto, nyuma na mbele, baada ya kuungua na pasi. Picha nyingi zina ukungu, zimepigwa haraka, gizani, kidole kimeingia kwenye kona.

Sijaona kazi bora kuliko hiyo katika utanzu huu. Kila picha ina mtu mmoja tu inayemwendea, na inamwamini kwamba atasoma. Vigae vilipobadilika kutoka vyeupe hadi vya maua, Anti alijua amehamishwa nyumba kabla hajaambiwa na ajenti. Wiki moja ya Agosti picha hazikuja kabisa, na Anti akaenda kukaa mlangoni pa ofisi ya huyo ajenti, siku tatu mfululizo na chai yake ya thermosi, mpaka simu ikapigwa. Kutotumwa kwa picha nako kulisomwa, kwa sababu kulikuwa na msomaji anayejua mtiririko. Hebu niambie ni stetasi gani ingefanya hivyo. Mtu akinyamaza kwenye stetasi tunadhani amekosa bando.

Alipohamia nyumba ya pili, ambayo ilikuwa na watu wenye utu kidogo, walimpeleka matembezi na watoto wao, na mmoja wa wale watoto akampiga picha mbele ya bustani, amevaa miwani ya jua. Aliiweka stetasi. Ndiyo picha yake ya pekee ya stetasi mwaka huo wote. Kabla ya saa 24 kuisha mtu alikuwa ameihifadhi, na wiki iliyofuata nikaiona kwenye bango la kazi kwenye grupu la mtaa, uso wake umezungukwa na maandishi mekundu: nafasi zipo, hakuna malipo ya mwanzo, njoo na pasipoti. Wasichana wawili wa ploti yetu waliuliza namba. Anti aliwaita nyumbani, akawatilia chai, akafungua simu yake na kuwaonyesha vigae. Mmoja bado alienda. Alisema yeye atachagua nyumba nzuri.

Kwa hivyo sitakubali kuambiwa kwamba hii ni habari ya sifa na magari. Picha ile ya miwani haikudanganya. Alikuwa bustanini, alikuwa na furaha, na kwa mara ya kwanza kuna mtu mwingine aliyeshika kamera, hata kama ni mtoto wa miaka tisa. Shosho angeipenda. Iliharibikia njiani, ilipopoteza wa kuandikiwa, na ikapata msomaji ambaye alihitaji miwani tu.

Kuna jambo la kiufundi ambalo nitaligusa haraka kwa wale wanaopenda kuchokonoa mafaili. Picha ya kamera ya zamani ilikuja na namba yake na, ndani yake, saa ya kupigwa na mipangilio ya lenzi. WhatsApp inaibana picha, inaondoa habari hizo, na kwenye simu nyingi inaipa jina jipya, IMG, tarehe, WA, namba. Tarehe hiyo si ya kupigwa. Ni ya kufika kwako. Namba nayo ni ya foleni ya simu yako, ikichanganywa na meme na risiti za shule. Yale mapengo niliyokuwa nayasoma kwenye kadi ya Mjomba leo hayapo, mtu akifuta 39 hutajua. Mhariri amebaki bila alama, na sisi wahakiki tumebaki na vigae.

Simu ya Anti ina gigabaiti 32 na imejaa. Mwezi uliopita programu moja ya kusafisha simu ilimletea ujumbe kwamba imepata picha 214 zenye ukungu, ambazo hazina kazi, na ikauliza kama izifute zote kwa mpigo ili apate nafasi. Aliniletea simu nimsomee. Nilizifungua moja moja tukiwa tumekaa kwenye ngazi za ploti: jiko, jiko, dirisha, kidole, ugali, mkono. Kulikuwa na kitufe cha "Futa" cha bluu, kikubwa, na chini yake maandishi madogo ya kijivu, "Si sasa". Anti alivaa miwani, akanyoosha kidole, akabonyeza hayo ya kijivu. Kesho yake asubuhi ujumbe ulikuja tena.